Picha Nzuri na Ushahidi wa Kweli

Msomaji, chukulia kwamba umesimama asubuhi ya mwezi wa Januari kando ya ziwa Michigan, katika mji wa Chicago, Marekani. Ziwa hilo ni dogo kidogo tu kuliko ziwa Victoria, lakini katika majira haya ya baridi sura yake ni ngeni kwetu. Maji ya ukingoni yameganda yakawa mabamba ya barafu, theluji imefunika mawe ya ufukoni, na pumzi yako hutoka kinywani kama moshi. Uko juu ya rasi nyembamba iliyoingia ziwani, nawe umeshika kamera. Ng'ambo ya maji, majumba marefu ya mji yanaanza kupokea nuru ya jua linalochomoza nyuma yako. Mbele yako pana benchi, na juu ya benchi ameketi mtu aliyejifunika blanketi kuukuu. Mandhari yote ni safi na tulivu. Yeye tu ndiye, kwa maoni yako, anayeitia doa. Unaweza kupiga picha, kisha ukaenda nyumbani na kumfuta kwa kompyuta katika muda usiozidi kunywa kikombe cha chai. Je, ni haki kufanya hivyo?

Usiharakishe kujibu. Wako watu wasemao kwamba picha haina budi kubaki kama ilivyotoka katika kamera, na kwamba kuigusa ni kudanganya. Hawa hawajafikiri vya kutosha. Kabla hujabonyeza kamera umekwisha kuchagua mengi. Ukiuinua upeo wa macho, barafu hutawala picha. Ukiushusha, mbingu hutawala. Ukielekea kulia, unaliacha jengo moja. Ukielekea kushoto, unaliacha jingine. Hakuna picha iliyopata kuonyesha yote.

Tena kamera yenyewe hukosea. Kipimo cha nuru kilichomo ndani yake hukadiria kwamba kila kitu kiko baina ya weupe na weusi. Kikikutana na theluji hupunguza nuru, na theluji nyeupe hutoka rangi ya jivu. Anayeirudishia weupe wake baadaye hadanganyi. Anasahihisha uongo wa chombo. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha mashuhuri za bahari. Vioo vya picha vya siku zile havikuweza kupokea vema nuru ya mbingu na ya maji kwa mara moja. Kwa hiyo katika baadhi ya picha alitumia kioo kimoja kwa bahari na kingine kwa mawingu, kisha akaviunganisha katika karatasi moja.

Basi kama kusahihisha ni halali, kosa huanzia wapi? Mwezi wa Februari 1982 gazeti la National Geographic lilichapisha katika jalada lake picha ya piramidi za Giza, Misri. Ili picha pana itoshe katika jalada refu, piramidi zilisogezwa zikakaribiana. Ilipojulikana, watu walilalamika sana. Mwaka 1999 Mjerumani Andreas Gursky alitengeneza picha ya mto Rhine, akafuta jengo na watu, akabakiza maji, majani na mbingu. Picha hiyo iliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Kwa nini mmoja alaumiwe na mwingine asifiwe? Kwa sababu gazeti lilikuwa limewaahidi wasomaji wake kuwaonyesha dunia ilivyo. Gursky alikuwa msanii, wala hakuficha alilolifanya. Uongo haumo katika chombo. Umo katika ahadi iliyovunjwa.

Yamkini utanijibu hivi: "Kama ningesogea hatua tatu, mtu yule asingekuwamo katika picha, wala hakuna ambaye angenilaumu. Kuna tofauti gani?" Hoja yako ina nguvu. Jibu langu ni kwamba anayesogea husema, "Nilitazama kutoka hapa," na yeyote atakayesimama pale ataona aliyoyaona. Anayefuta husema, "Nilitazama benchi hili, nalo lilikuwa tupu." Huo ni ushahidi wa uongo. Lakini hata kusogea si kutakata daima. Ukiahidi kutuonyesha jinsi mji unavyokaa katika baridi, kisha ukawakwepa wote wasio na makao, kila picha yako itakuwa kweli, na kitabu kizima kitakuwa uongo.

Na liko jambo moja zito kuliko haya. Picha iliyofutwa humdanganya mtazamaji mara moja, lakini humfunza mpiga picha kila siku. Jicho lililozoea kumwona mwenye baridi kama doa katika mandhari halitakawia kumwona hivyo njiani, sokoni na mlangoni pake. Mtu huanza kwa kufuta wengine katika karatasi, akamaliza kwa kuwafuta moyoni.

Kwa hiyo, msomaji, irudishie theluji weupe wake, nyosha upeo wa macho uliopinda, chagua pa kusimama. Ukitaka kuumba ufuko usiokuwapo, umba, lakini sema kwamba umeumba. Ama mtu wa benchi, mwache aketi. Kisha weka kamera chini, umwamkie, uulize kama amepata kitu cha moto cha kunywa. Kwa kuwa picha haikukawilishwa na heri hiyo, na majumba yale yatakungoja ng'ambo ya maji.