Dawa ya Mtoto Asiyeumwa

Katika nyumba moja baba alikohoa majuma mengi. Makohozi yake yalipopimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Akapewa dawa. Kisha mwuguzi akasema: "Mleteni na mtoto." Mtoto alikuwa na miaka 3, hana homa, hakohoi, anacheza. Naye akapewa dawa mbili, isoniazidi na rifampisini, ameze kila siku miezi 3. Nyanya yake akakasirika: "Mtoto haumwi! Mbona mnamtia dawa mwilini?"

Tusimcheke mama huyo. Swali lake ni la haki. Je, yafaa kumpa dawa mtoto mzima, asiyeweza kukubali wala kukataa?

Kwanza tujue jambo lenyewe. Kijidudu cha kifua kikuu, alichokitambua Robert Koch mwaka 1882, hupita hewani mgonjwa akikohoa. Mtoto aweza kukivuta asiugue siku ile. Chakaa ndani yake kama kaa la moto chini ya majivu. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 5 kaa hilo huwaka upesi, pengine hata ubongoni. Chanjo ya BCG yasaidia, lakini haizuii yote. Dawa ya kinga hulizima kaa kabla halijawaka.

Lakini dawa si maji. Mara chache huumiza ini. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza, maana aliyekwisha kuugua ahitaji matibabu mengine. Na wazazi wakeshe: akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, macho yakiwa manjano, arudishwe upesi. Mkojo ukiwa na rangi ya machungwa, wasiogope. Ndiyo rangi ya dawa.

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli, mtoto hakukubali dawa. Lakini hakukubali pia hewa ya chumba chetu, wala hakuchagua kulala karibu na anayekohoa. Na baba naye asilaumiwe, kwani hakujitakia ugonjwa. Sisi wakubwa twadhani tukiacha, hatukutenda neno. Sivyo. Kuacha nako ni kuchagua, na atakayelipa ni mtoto.

Jambo gumu ni siku ya 60, mtoto anapocheza na hakuna anayeona faida ya dawa. Ugonjwa uliozuiwa hauonekani, wala hakuna atakayetushukuru. Tumpe dawa siku ile pia.