Foto za wafu juu ya valize: je, tuko na haki ya kukata?

Katika nyumba kadha za mji wetu wa Lubumbashi tunaona jambo moja ambalo bazee wetu hawakulijua. Mtoto anatosha valize ya zamani chini ya kitanda, ile ya karatasi ngumu yenye kona za chuma, anaipangusa, kisha anakata foto za jamaa na mukasi na kuzibandika juu yake kwa kole. Akimaliza anapakaa verni, na valize inawekwa saloni, fasi ambapo kila mgeni ataiona. Wafaransa wanaita kazi hii découpage, na si ya jana. Katika karne ya 18 mafundi wa Venice walikata picha zilizochapwa, wakazibandika juu ya meza na masanduku, wakapakaa verni mara nyingi, ili zifanane na vyombo vya bei kali vilivyotoka China na Japani. Lakini wale hawakukata jamaa zao. Sisi tunakata baba zetu. Njo maana tunauliza, na hatuchezi: je, ni haki?

Kwanza tujue valize ni nini kwetu. Mji huu ulianza mwaka 1910, na watu wake walifika na mizigo. Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali, mpaka Kasai, Rwanda na Burundi, na wengi walishuka na kitu kimoja tu mkononi. Kisha, katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, wengi walilala siku nyingi kwenye stasio za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na kuko waliokufa palepale. Siku kama ile mtu anachagua kati ya sufuria na foto. Kwa hiyo foto iliyobaki ndani ya valize mara nyingi iko pale juu kitu kingine kiliachwa. Hatusemi zaidi; wenye kuishi mambo hayo wanajua.

Tuchukue jamaa moja tunayoijua, bila kuitaja. Baba alikufa, kilio kikaisha, vitu vikagawanywa. Sheria ya jamaa ya 1987 inasema wazi kwamba watoto wanapata robo tatu za urithi, na robo inayobaki ni ya mke aliyebaki, wazazi na ndugu za marehemu. Vizuri. Lakini nani atapasua foto moja vipande vine? Valize na foto zote zikabaki kwa mjukuu wa kike, mwanafunzi wa sekondari, na kweli alifanya kazi nzuri. Shangazi ya baba yake alipofika, alibaki kusimama mlangoni.

«Mutoto, umekata kaka yangu na mukasi? Mukono yake iko wapi?»

«Nkambo, nilitosha paka kiti.»

Katika ile foto, iliyopigwa studio, mzee alikuwa ameweka mkono juu ya kiti. Kiti kilipotoka, mkono nao ukaenda.

Wengine watacheka: foto ni karatasi, marehemu hasikii mukasi. Sisi hatutaki kucheka haraka hivi. Tunaposindikiza maiti, foto yake ndiyo inatangulia mbele ya sanduku, na hakuna mtu anayeikanyaga akisema ni karatasi. Hata mwenye kucheka, umwombe atoboe macho ya foto ya mama yake na sindano, utaona kama atakubali. Lakini upande mwingine, heshima ya kuficha foto chini ya kitanda nayo tunaijua. Mvua za Lubumbashi zinaingia, ukungu unakula sura, mchwa anamaliza. Kisha mtoto anauliza «huyu nani?» na hakuna wa kujibu. Foto iliyooza ndani ya valize iliyofungwa haikuheshimiwa kuliko iliyobandikwa juu yake. Kwa hiyo shauri letu si mukasi peke yake.

Tunaona kosa kubwa ni kole. Geuza foto ya zamani, utakuta nyuma yake mwandiko: jina, tarehe, mji, «ukumbusho kwa ndugu yangu», pengine na chapa ya studio. Nusu ya foto iko nyuma. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, juu katika mwaka 1972, wakati wa authenticité, majina ya Kikristo yalikatazwa, na watu walichukua majina ya wakubwa wao. Mtu mmoja anaweza kuwa Joseph nyuma ya foto ya 1968, na kwenye foto ya 1974 hakuna tena Joseph. Asiyesoma ile nyuma atadhani ni watu wawili. Mtoto anayepakaa kole anafunika jina ili aonyeshe sura. Na sura bila jina, miaka makumi mawili ikipita, ni sura ya mtu yeyote.

Waluba waliliona jambo hili mapema kuliko studio yoyote. Wazee wa chama cha mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, uliojaa shanga, visimbi na alama za kuchonga. Aliyefundishwa alipitisha kidole juu yake na kusimulia wafalme, safari za ukoo, fasi takatifu. Bila yule mtu, ubao ulinyamaza. Tena tuangalie: ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuonyesha mfalme pamoja na watu wake. Mfalme hakutoshwa katikati ya watu ili aonekane vizuri; walio karibu naye ndio walisema yeye ni nani. Vivyo hivyo mkono juu ya kiti.

Na wachoraji wa mji wetu wa miaka ya 1970, kama Tshibumba Kanda-Matulu, waliuza picha ambazo watu walizitundika saloni na kuziita ukumbusho. Hazikuwa za kupamba ukuta tu. Mgeni alikaa, akaangalia, akauliza, mwenye nyumba akaanza kusema. Valize ya foto inaweza kufanya kazi ileile, kama kuko mtu wa kusema.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Katika ile valize, mjukuu alikata pia mume wa zamani wa mama mmoja wa jamaa. Foto ilikuwa ya watu wane. Walibaki watatu, na kingo zikaunganishwa vizuri sana. Yule mwanaume alimupiga mke wake, kila mtu anajua. Je, mama huyu aone sura yake kila asubuhi akinywa chai? Hapana, na mwenye kumlazimisha kwa jina la desturi hatumfuati. Aseme tu: foto hii isibandikwe. Kukataa foto nzima ni kunyamaza, na mtu ana haki ya kunyamaza katika nyumba yake. Lakini kutosha mtu mmoja na kuunganisha kingo ni kusema kwamba hakukuwako. Na yule mwanaume aliacha watoto, ambao nao ni watoto wa nyumba ile, na puani wanafanana naye. Siku moja watahesabu miaka yao, watatafuta baba. Tunajua kuna wasomaji watakaosema tunamuhurumia mpigaji. Tunafikiri watoto.

Kwa wanaotaka kufanya kazi hii, tunashauri hivi. Foto yenyewe isiguswe. Ipelekwe kufanyiwa fotokopi, mbele na nyuma. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ya wino wa maji inachafuka ukipakaa kole. Ile ya mashine ya wino wa unga inavumilia. Kabla ya kukata, muite mkubwa wa jamaa, shangazi au mjomba, akae na watoto mchana mmoja, ataje kila mtu, na mtoto mmoja aandike. Orodha ile ibandikwe ndani ya kifuniko, pamoja na kopi za nyuma. Mahali pa mkono, muache kiti. Pakaa verni mara mbili ao tatu, kila mara ikauke kabisa.

Upande wa chini wa valize usitiwe foto ya mtu, juu ndio unaokaa kwenye simenti na kupata maji siku ya kupangusa.