Akili za Binti ni za Nani?

Wazee wengi hunena kwamba kumsomesha binti ni kupalilia shamba la jirani, maana ataolewa kwa watu wengine. Wala Waingereza waliotutawala hawakuwazidi sana. Shule ya Makerere, kule Uganda, ilianza mwaka 1922 kwa wavulana 14, na neno lake kuu lilikuwa: Na tuwe wanaume! Hata mwaka 1945 walipopokelewa wanawake 6, ndipo neno hilo likaondolewa, likawekwa jingine la kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Basi twawauliza akina baba: ng'ombe wa mahari mwawahesabu kuwa wenu, mbona akili za binti yuyo huyo mwaziita mali ya jirani?