Mzigo Mlangoni na Deni la Amana

Dereva anafika, anauweka mzigo mlangoni, anaupiga picha, anaondoka. Ndivyo mizigo mingi inayonunuliwa mtandaoni inavyofikishwa nchini Marekani, na desturi hiyo ilienea zaidi mwaka 2020, korona ilipowafanya watu waogope kupeana vitu mkono kwa mkono. Mwenye nyumba akirudi jioni akakuta pako patupu, mvutano unaanza: muuzaji anasema mzigo umefika, msafirishaji anatoa picha, na mwizi hajulikani. Watu huuliza mwizi huyo atakamatwaje. Naona kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni la kidini kabla ya kuwa la kipolisi: mzigo ulipochukuliwa, ulikuwa dhamana ya nani? Nasema ulikuwa bado amana ya muuzaji na msafirishaji wake. Amana haishi mpaka imfikie mwenyewe, na aliyeibwaga njiani ndiye anayedaiwa.

Vitabu vya dini vililipima jambo hili zamani. Katika Kutoka, sura ya 22, panazungumzwa mali iliyowekwa kwa jirani ikaibiwa nyumbani mwake. Mwizi akipatikana hulipa mara mbili, lakini asipopatikana shauri halifungwi. Mwenye nyumba huletwa mbele za Mungu ijulikane kama mkono wake u safi. Marabi walioifafanua Torati walikwenda mbali zaidi. Mishna, katika kitabu cha Bava Metzia, inawatenganisha walinzi wa mali kwa aina zao: anayelinda bure huapa na kuachiliwa, ila anayelinda kwa ujira hulipa kilichoibiwa au kupotea. Hapo ndipo kampuni ya usafirishaji inapokutana na hukumu yake, maana yenyewe haifanyi hisani. Imelipwa ili mali itoke ghalani na kumfikia mtu fulani, mwenye jina na anwani.

Uislamu nao unaanzia kwenye amri ya Surat An-Nisaa, aya ya 58, kwamba amana zifikishwe kwa wenyewe. Katika mlango wa wizi, wanazuoni wengi wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wakaweka sharti la hirzi, yaani mali iwe imechukuliwa kutoka mahali pa hifadhi, ndipo adhabu kamili ya wizi ipite. Kisa cha Safwan bin Umayya kinalifafanua sharti hilo vizuri. Alilala msikitini, shuka yake ikiwa chini ya kichwa, mtu akaichomoa. Mtume akahukumu kuwa ni wizi kamili. Msikiti ni mahali pa wote, hauna mlango wa kumzuia mtu, lakini wanazuoni walisema mwenye mali mwenyewe alikuwa ndiye hifadhi. Sasa utazame mzigo uliokaa kizingitini saa sita, barabara ikiuona. Hauna ukuta, hauna kufuli, na mwenyewe yuko kazini. Kwa kipimo hicho, mzigo huo umetolewa katika hifadhi na mtu aliyelipwa kuuhifadhi.

Yupo atakayesema kwamba hoja hii inamsafisha mwizi. La hasha. Anayechukua mali ya mwenzake ametenda dhambi hata akiiokota njia panda, na wanazuoni hao hao walimwachia kadhi nafasi ya kumtia adabu aliyeiba nje ya hirzi. Texas ilitunga sheria kali dhidi ya wizi wa barua na vifurushi mwaka 2019, wala sioni ubaya wake. Lakini dhambi ya mmoja haifuti deni la mwingine. Tukimtazama mwizi peke yake, mzigo wa ulinzi unahamia kwa mnunuzi, anayeambiwa anunue kamera, amchunguze kila apitaye, amshuku hata kijana wa jirani. Wengine wameingia katika kutega mitego. Desemba 2018 mhandisi Mark Rober aliwaonyesha mamilioni ya watazamaji, kwa video, kifurushi kinachomrushia mwizi vumbi la kumetameta na harufu mbaya. Baadaye ikabainika kuwa baadhi ya "wezi" walikuwa watu waliofahamiana na mtu aliyelipwa kumsaidia, naye akaomba radhi na kuziondoa sehemu hizo. Hamu ya kumwona mwizi akiaibika ilikuwa kubwa kuliko hamu ya kujua ukweli, na hilo linapaswa kumtia hofu mcha Mungu yeyote.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Kumsubiri mteja au kurudi mara ya pili kunakula muda, na dereva ana mamia ya vituo kwa siku. Nakubali, na ndiyo maana simlaumu dereva. Aliyempangia ratiba isiyompa nafasi ya kubisha hodi akangoja ndiye mwenye kujibu. Ila gharama ya amana ni sehemu ya bei, haigeuki kuwa bahati mbaya ya mnunuzi. Uingereza imeliweka hili katika sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015: hatari inabaki kwa mfanyabiashara mpaka bidhaa iwe mikononi mwa mteja au mtu aliyemteua. Ujerumani ina makabati ya kuchukulia vifurushi tangu mwaka 2001. Dar es Salaam na Nairobi, kijana wa bodaboda hupiga simu, huuliza uko wapi, na mara nyingi hupokea pesa mzigo ukishashikwa. Ni kazi ya usumbufu, lakini mali inafika mkononi. Mteja aliyechagua kwa hiari yake, akijua, kwamba mzigo uachwe nje, huyo amejibebea hatari yake. Kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla hajakisoma hakihesabiki kuwa hiari.

Wauzaji wakubwa wa Marekani mara nyingi hurudisha pesa wenyewe mteja akilalamika, na ni vyema. Lakini wanarudisha kama fadhila, na fadhila inaweza kukatwa siku yoyote, hasa kwa maskini asiyejua kudai. Inayotakiwa ni sheria itamkayo kwamba picha ya mzigo mlangoni ni ushahidi wa mahali ulipoachwa tu, na kwamba ukiibiwa kabla ya kupokewa, muuzaji ndiye anayelipa.