Kopo la Bibi



Neno hili lilianza nje ya kanisa baada ya ibada, na hatukulimaliza siku ile. Hapa Nyarugusu vijana wetu huwachukulia wazee posho siku ya mgao, maana kusimama kwenye mstari juani si kazi ya miguu ya miaka 70. Mzigo ukifika nyumbani, kijana huondoka na kopo moja la unga. Je, kopo hilo ni haki yake, au ni kumnyang'anya mjane?

Wengi wetu tulisema ni dhambi. Mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 tuliona wenyewe kopo moja lina uzito gani. Tukafungua Matendo 6, ambapo manung'uniko katika Kanisa yalikuwa ya chakula: wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, Stefano na Filipo wakiwamo. Basi nasi tukatangaza kwamba kijana asichukue hata punje.

Juma lililofuata bibi mmoja wa kanda yetu akatujia na mkongojo wake, amekasirika. "Unga ni wangu, na ninayetoa ni mimi. Kwetu Fizi mtu akikulimia shamba hukumwacha aende mikono mitupu. Mkinikataza kutoa, mmenifanya maiti anayelishwa."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumehesabu unga tu.

Shirika la Afya Duniani linapoeleza kuzeeka kwa afya halisemi kwamba mzee asiwe na ugonjwa wowote. Linatazama kama bado anaweza kufanya yale anayoyaona ya maana. Kwa bibi huyu, kumlipa aliyembebea ni mojawapo. Naye Paulo, katika 1 Timotheo 5, anapotaja wajane wa kuandikwa, kuanzia miaka 60 (UNHCR nayo humhesabu mzee kuanzia umri huo), anataka ijulikane kama mama huyo amelea watoto, amekaribisha wageni, amesaidia wenye taabu. Kabla ya hapo anawadai kwanza watoto na wajukuu. Lakini wa kwetu wengine wako Marekani, wengine tuliwazika njiani. Kijana mwenye baiskeli ndiye mjukuu aliyebaki.

Hata hivyo hatuwezi kusema kila kopo ni zawadi. Bibi yule ana sauti. Yuko mwingine asiyeona, hulala kitandani, naye hutoa kwa hofu: akinyima, mwezi ujao nani atambebea? Hilo ni kodi, na anayelipokea anajua.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Mfuko ufunguliwe mbele ya mzee, apime yeye kwa mkono wake, na asipotoa kitu kijana aage kwa heshima na mwezi ujao arudi. Kwa wale wa kitandani watakwenda mashemasi wawili, wasipokee chochote. (Wazee wa kanisa nao waende, wengine wao hawajafika hata miaka 40, mgongo wanao.) Vijana wamelalamika kwamba nao wana njaa, na ni kweli, wana njaa.

Mgao ujao tutaanza na kanda ya bibi. Ameomba kopo la kupimia liwe lake, lile la kwetu anasema ni kubwa mno.