Fungu la Asiyeweza Kuomba



Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, yafikapo majira ya baridi, theluji huifunika ardhi, wadudu hutoweka na mbegu hufichika chini ya barafu. Usiku wa huko huwa mrefu kupita mchana. Ndege mdogo mwenye uzito wa gramu kumi hivi aweza kupoteza karibu sehemu ya kumi ya uzito wake kabla hakujapambazuka, kwa kuwa mwili wake hauna budi kutumia mafuta yake usiku kucha ili usigande. Asipopata chakula asubuhi, huenda asiuone mwisho wa usiku wa pili. Kwa sababu hiyo watu wengi wa nchi hizo hutundika nafaka na mafuta katika bustani zao. Huko Norwei ni desturi ya tangu zamani kusimamisha mganda wa nafaka juu ya mti wakati wa Krismasi, uwe chakula cha ndege. Na katika baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963 ndege wadogo wengi mno walikufa katika Uingereza.

Msomaji wa Rungwe Mpya, au wa kijiji chochote cha Kasulu na Kibondo, aweza kuuliza: Hayo yatuhusu nini sisi tusioijua theluji? Ni swali la haki. Lakini sisi tunacho kiangazi. Tangu mwezi wa Juni hata Septemba, na pengine Oktoba, mvua haipo katika nyanda za juu za Kigoma. Nyasi hukauka, vijito vidogo hukatika, na moto huwashwa katika miombo, mara nyingine ili kusafisha shamba, mara nyingine bila sababu yoyote ijulikanayo. Moto huo huteketeza mbegu zilizoanguka pamoja na wadudu walio katika majani. Kadhalika ndege wengi wa miombo huanza kujenga viota vyao mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijanyesha. Basi moto wa Septemba hauteketezi nyasi peke yake. Huteketeza na makinda.

Katika Hadithi zilizokusanywa na Abu Daud imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud habari ambayo yafaa isomwe hasa katika nchi ya miombo. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume Mtukufu (s.a.w.). Alipokwenda kando kwa haja yake, wao walimwona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua yale makinda. Mama yao akaja akiruka juu yao na kupigapiga mabawa. Mtume (s.a.w.) aliporudi akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warudishiwe mama yao. Kisha, katika habari hiyo hiyo, akaona kichuguu cha chungu ambacho baadhi yao walikuwa wamekichoma. Alipoambiwa waliokichoma ni wao, akasema kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto.

Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyokuja pamoja: makinda na moto. Wengi wetu tumezisikia habari za yule ndege, nazo hupendwa na watoto katika madrasa, lakini sehemu ya pili husomwa kwa haraka kana kwamba ni nyongeza tu. Mtu awezaye kumhurumia ndege mmoja aliye mbele ya macho yake, kisha akatia kiberiti katika pori zima kwa ajili ya kuwinda panya wawili, ameisoma nusu tu ya Hadithi.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'am, yatufundisha kwamba hakuna mnyama atembeaye katika ardhi wala ndege arukaye kwa mabawa yake ila ni umma kama sisi. Neno umma si dogo. Umma una haki zake. Na katika Sura Adh-Dhariyat, Mwenyezi Mungu anapowasifu wachamungu, ataja kwamba katika mali yao mlikuwa na haki ya aombaye na ya yule aliyenyimwa. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa huyu aliyenyimwa ni pamoja na viumbe wasio na ulimi wa kuomba. Maskini hubisha hodi mlangoni. Hua hana hodi. Hutua penye kivuli akiwa na kiu, akakaa kidogo, akaondoka, wala hakuna atakayekulaumu kwa kuwa hukumpa kitu. Kwa hiyo sadaka yake ni vigumu kuingiwa na ria: hakushukuru, wala hakutangazi kwa jirani.

Najua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la kudharauliwa. Mkulima atasema: Tangu alfajiri nimekaa juu ya dungu nikiamia shamba, watoto wangu wamepiga makopo hata wamechoka, na wewe waniambia niwalishe ndege hao hao? La, ndugu yangu. Hakuna sheria ya dini imkatazayo mtu kulinda mtama wake. Kwelea kwelea wakishuka kwa makundi yao huweza kumaliza shamba, na serikali hupambana nao. Kuamia ni halali, na kelele hazimwui ndege. Nisemalo ni la baada ya mavuno, pale nafaka ilipokwisha kuingia ghalani. Lakini nafaka iliyotiwa sumu na kumwagwa penye njia ni jambo jingine kabisa. Sumu haichagui. Humwua mwizi wa mtama na hua asiye na hatia, humfikia kuku wa jirani, na mtoto amwokotaye ndege aliyekufa na kumchoma motoni aweza kuila sumu hiyo hiyo.

Tena yafaa tukumbuke yaliyotokea China. Mwaka 1958 watu wa nchi hiyo waliamriwa kuwaangamiza shomoro kwa kuwa wanakula nafaka. Walipigiwa ngoma na masufuria hata wakaanguka kwa uchovu. Shomoro walipopungua, wadudu waliokuwa wakiliwa nao wakaongezeka, na mwaka 1960 shomoro wakaondolewa katika orodha ya maadui, wakati nchi ilikuwa katika njaa kubwa mno. Njaa hiyo ilikuwa na sababu nyingi, lakini kuuawa kwa shomoro kulihesabiwa kuwa mojawapo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: wako ndege ambao hawawezi kungoja kulishwa katika baridi ya Ulaya, kwa sababu chakula chao ni wadudu, na wadudu hawapo. Hao hufunga safari. Mbayuwayu mwenye uzito wa gramu ishirini hivi huvuka bahari na jangwa, akafika kwetu kuanzia Septemba au Oktoba, akakaa hata Machi au Aprili. Korongo weupe huja vile vile, nao hula nzige na viwavijeshi. Basi ndege wa majira ya baridi ni wageni wetu sisi, na hatuwalishi kwa konzi ya nafaka, bali kwa kuwaachia wadudu wao bila sumu na mabwawa yao bila kukaushwa. Watu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kufundishwa na mtu habari za kupokea wanaokimbia shida. Mwaka 1993, mwaka 1996 na tena mwaka 2015 waliwaona jirani zao wa Burundi na Kongo wakiingia kwa maelfu. Sisemi kwamba mtu ni sawa na ndege. Nasema moyo uliozoea kupokea haushindwi na mdogo zaidi.

Katika Jumuiya yetu wazee husimulia kwamba Seyidna Ahmad (a.s.) alimwona mwanawe, aliyekuwa bado mtoto, akifunga milango ili awakamate shomoro walioingia nyumbani. Akamkataza, akamweleza kwamba ambaye hana huruma hana imani. Mtoto yule alikua akawa Khalifa wa Pili (r.a.), na maneno hayo hakuyasahau. Leo manati yauzwa sokoni na kuchongwa nyuma ya kila nyumba. Baba amwonaye mwanawe akimlenga chozi anayefyonza ua, asile wala asiuze, kisha akanyamaza, amemfundisha somo.

Sasa lifanyike nini? Chukua kigae au sahani ya udongo isiyo na kina, utie maji, na katikati uweke jiwe ndege apate pa kusimama. Iweke juu ya kisiki mahali peupe, paka asipate pa kujificha. Asemaye kwamba maji hayana gharama hajapata kupanda na ndoo kutoka bondeni. Lakini maji yaliyooshea mchele au mboga yatosha, maadamu hayana sabuni wala chumvi. Ukipeta, chenga na mbegu nyembamba za ulezi usizitupe jalalani, zimwage mahali pamoja. Acha masuke machache katika pembe ya shamba. Mkuyu ulio mpakani usiukate. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kwamba Mwislamu akipanda mti au mbegu, kisha mtu au ndege au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka.

Sahani isuguliwe kila siku na maji ya jana yamwagwe. Katika Uingereza, tangu mwaka 2005, ugonjwa ulioenea mahali ndege wanapokusanyika kula na kunywa uliwaua ndege wengi wa jamii ya chiriku. Mvua zikishaanza na madimbwi yakajaa, iondoe sahani, uioshe na kuianika, uitunze hata Juni.