Panda Gari la Mutukula

Simama Nateete, hapa Kampala, alfajiri, malori ya matooke yakiingia kutoka Masaka na makondakta wakiitana. Wewe mwanafunzi wa Makerere unayelalamika kwamba huna mada ya utafiti, mada yako inakupigia honi.

Barabara hiyo ya Masaka inakwenda hadi Mutukula, mpakani, na ng'ambo ya mpaka ni Kagera, Tanzania. Mvua ni ile ile, kahawa ya robusta ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria. Uganda ilivunja ukiritimba wa Bodi ya Uuzaji wa Kahawa mwaka 1991, na tangu hapo mkulima anamuuzia yeyote anayefika na mizani. Tanzania, mwaka 2018, ikaelekeza kahawa ipite kwenye vyama vya ushirika. Magendo ya kahawa kutoka Kagera kuja huku yanajulikana kwa miaka mingi, na kule wapo wakulima wanaouza kahawa ingali mtini, wenyewe wanaita butura, kwa sababu ada ya mtoto haisubiri mavuno.

Nani amefaidi? Usikimbilie kujibu! Huku mlanguzi ana uhuru wa kumpunja mkulima. Kule chama kinaweza kumcheleweshea malipo. Kulinganisha sera za kilimo ni kazi ya mtu asiyeridhika na jibu la kijiweni. Mtafiti Robert Bates alijipatia jina kwa kitabu cha 1981 akihoji kwa nini serikali za Afrika humpa mkulima bei duni, na akaikuta siasa: mji unataka chakula cha bei nafuu. Sisi wa Nateete tunaopenda ugali wa bei rahisi, posho yetu, tumo ndani ya jibu lake, tupende tusipende.

Januari 2025 Umoja wa Afrika ulikutana Kampala hii hii, ukapitisha azimio la kilimo la miaka 2026 hadi 2035. Kabla yake, huko Maputo, mwaka 2003, serikali za Afrika ziliahidi kukipa kilimo asilimia 10 ya bajeti. Unangoja nani aje kutoka Ulaya kutupimia ahadi zetu?

Msimu wa mavuno ukifika, nunua daftari, upande gari. Uliza bei Kyotera, vuka, uliza Bunazi siku hiyo hiyo, na uandike kiwango cha kubadilisha shilingi. Hakikisha pia unauliza bei ya kitu kile kile pande zote mbili: kahawa kavu isiyokobolewa huku ni kiboko, kule ni maganda. Ukilinganisha kiboko na kahawa iliyokobolewa, utarudi Nateete na uongo wenye jedwali.